Blanketi la Mama Limepanda Ndege

Njombe, Alhamisi, 11 Juni

Mdogo wangu Nelly,

Mama na blanketi la mwanao wamepanda ndege Songwe leo saa nne asubuhi. Amenithibitishia mwenyewe kwa simu, nami nakutumia barua hii kwa simu pia ili ikuwahi.

Huku hatujambo. Sakitu, ile barafu ya alfajiri, imeunguza viazi vyetu kule Yakobi.

Safari hii begi la mkononi alilishona fundi Danford wa Makambako, kwa vipimo nilivyomwandikia kutoka kwenye tiketi. Lakini Danford hushona sare za shule. Kwa mazoea akaongeza inchi mbili kila upande, kama za mtoto anayekua. Uwanjani begi, limejaa blanketi, likagoma kuingia kwenye fremu ya kupimia.

"Mama, huu mzigo utaulipia," dada wa kaunta akamwambia.

"Mzigo gani, mwanangu? Hili ni vazi langu, nasikia baridi."

Akalitoa blanketi, akajifunga mabegani kama anavyokwenda sokoni kila Juni. Begi likanywea, likaingia. Dada akacheka, akampitisha.

Mwaka juzi, kwenye ubatizo wa mtoto wako wa kwanza, alikwama kwenye fremu hiyo hiyo, akafika kwako mikono mitupu. Ulisema hiyo ni ishara kwamba hakuikubali ndoa yako, na hamjaongea tangu siku hiyo. Mimi ndiye niliyelirudisha blanketi nyumbani. Alinikabidhi pale kaunta.

Leo analala kwa ndugu yetu Ema, Dar. Atatua Mwanza kesho, saa tano asubuhi. Nenda kampokee wewe mwenyewe.

Kaka yako,
Methusela