Maji Yenye Njaa

Jumanne, 5 Machi

Nimetoka kwenye kisima kipya. Mita tisini za mwamba mgumu! Maji baridi, meupe, hayana hata chembe. Chemchemi ya zamani imepungua, kwa hiyo wiki hii mtaa wote wa nyumba kongwe utapewa haya.

Kipima asidi kikanifia betri palepale. Kurudi kuchukua nyingine? Saa nzima njiani, na binti yangu alikuwa ananisubiri — mjukuu katimiza miezi minne leo. Nikajaza chupa haraka haraka, nikaitupa kwenye gari, nikaenda zangu. Mtoto kanikojolea shati lote. Mwenye nyumba kanikaribisha!

Jumatano, 6 Machi

Nimepima alasiri. Saba nukta moja. Asidi ni chini ya saba; hapa hakuna ya kutisha. Nimetia sahihi hati ya kuyaruhusu. Mkuu wa maabara, kijana wa juzi tu, hakusoma hata mstari. Eti kama kapima mzee, yamekwisha. Nilivimba kichwa, nakiri. Miaka thelathini na moja si mchezo, na imebaki miezi miwili nistaafu.

Nimempigia binti yangu: maji mapya kesho, mama, lakini ya maziwa ya mtoto chemsha. Chemsha sana.

Jumatano, 20 Machi

Chakula cha mchana kwa binti yangu. Kanisifia maji. Ule ukoko mweupe wa mdomo wa bomba, aliokuwa akiukwangua kwa kisu kila mwezi, umeisha wenyewe. "Mmetia dawa gani, Baba?" Akacheka. Mimi nilibaki na kijiko hewani.

Ukoko ule ni chokaa. Chokaa haiishi hivihivi. Imeliwa. Na ukoko kama huo ndio uliofunika mabomba kwa ndani miaka yote — mabomba ya madini ya risasi, ya enzi za babu zetu. Ukiondoka, maji yanagusa risasi tupu na kuibeba. Haina ladha. Haina harufu. Kwa mtoto mchanga inakwenda kwenye ubongo.

Nikajiambia, kwanza nihakikishe. Nikamwona anamkorogea mtoto maziwa, nikaaga. Mwoga mkubwa mimi!

Alhamisi, 21 Machi

Asubuhi kisimani, betri mpya. Tano nukta tisa. Nikarudia mara tatu. Tano nukta tisa.

Kisha nikafanya nilivyofanya siku ile: chupa haikujaa hadi ukingoni, safari kwenye gari lenye joto, ikakaa hadi kesho — hapana, leo sikuweza kungoja, niliitikisa tu kwa nguvu. Saba nukta moja! Hewa ya ukaa imetoka, asidi imetoka nayo. Nimepima maji yaliyokwisha kupumua. Jamani, hili nimewafundisha wanafunzi wangapi? Jaza hadi imwagike, ziba bila povu, pima palepale. Nilikuwa nawakaripia hadi wananinunia.

Asidi yenyewe ni dhaifu, hata siki inaishinda. Mvua inapita kwenye udongo, inakuta pumzi za mizizi na za minyoo, inazibeba, inakuwa asidi ya kaboniki. Ikikuta mawe ya chokaa inayala kidogo kidogo, inachimba mapango, inatulia. Hata damuni mwetu ipo, ndiyo inayotukumbusha kuvuta pumzi. Nimeipenda maisha yangu yote, sioni haya kusema. Lakini kisima hiki kimepita kwenye mwamba usioliwa. Maji yametoka chini na njaa yake nzima. Sisi wa maabara ndivyo tunavyoyaita, maji yenye njaa. Nami nikayafungulia mlango.

Ijumaa, 22 Machi

Nimemweleza mkuu. Kajifuta jasho. Sampuli ya bomba imepelekwa maabara kubwa, majibu Jumanne. Tukifunga sasa hivi hospitali ya mtaa ule itakauka, kasema, na watu wataingiwa na hofu bure. Nisubiri Jumanne, nisifungue mdomo. Halafu, polepole kabisa: sahihi ni yako, mzee.

Sikuweza kusubiri. Nimejaza madumu mawili kwenye chemchemi ya zamani nikaja nayo kwa binti yangu. Kanitania mlangoni, eti siku hizi nimekuwa muuza maji. Nikamwambia. Yote. Betri, chupa, sahihi, jana na juzi nilivyonyamaza.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Kauliza kama kuchemsha kumesaidia. Nikasema hapana. Kuchemsha kunafukuza hewa, risasi inabaki — maji yakipungua, inazidi kukolea.

"Nilikuwa nachemsha mara mbili, Baba. Kwa sababu ulisema sana."

Nikakosa pa kuweka uso. Ninaona aibu ambayo sijapata kuiona tangu nizaliwe.

Kisha kauliza, na jirani wa chini mwenye mapacha, amekwisha kuambiwa? Nikasema wamenikataza hadi Jumanne. Kanipakatisha mtoto, kachukua dumu moja, katoka.

Naandika hapa mezani kwake, mkono mmoja, daftari linateleza. Mjukuu ananyonya kidole changu, anakiuma kwa ufizi. Nasikia mlango wa kwanza unagongwa. Wa pili. Sauti za wanawake ngazini, mmoja anauliza risasi gani tena hiyo, mwingine anasema lakini maji yenyewe mbona safi.

"Baba!" Binti yangu huyo. "Njoo uwaambie mwenyewe. Mimi kemia siijui!"

Nimeitika. Nakuja, mama, nimesema.

Bado nimekaa.