Utani wa Bibi Mwanaidi

Handeni

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama hapo Kerenge, na goti limepoa. Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio umejaa hasira.

Uliniuliza mchumba wangu Hashim atamaliza lini utafiti wake ili tupange harusi. Ameshamaliza, mama. Msomi huyo mnayemsifu mpaka msikitini alikuja huku na kinasa sauti, akatangaza kwamba yeye hahesabu watu, anayasikiliza maisha yao kwa kina. Kina chenyewe kilikuwa kunywa chai ya watu huku akichungulia simu.

Alimhoji jirani yangu Bibi Mwanaidi, mimi nikitafsiri Kizigua chake. Bibi akamwonyesha mjukuu wake Ikram, wa darasa la pili, akasema huyu ndiye mke mwenzake, na siku hizi mzee anampenda yeye zaidi. Tukacheka wote, Hashim naye akacheka. Bibi gani asiyemtania mjukuu hivyo?

Kwenye ripoti kicheko hakimo. Amebaki "mke mwenza", chini ya kichwa cha ndoa za utotoni. Jina la mume wa bibi alilificha kama alivyoahidi, kisha akaandika kuwa ni fundi baiskeli pekee wa kijiji. Kweli kusoma si kuelimika. Mumewe huyo, Mzee Mdoe, akaitwa kituo cha polisi, akashinda huko akieleza utani kwa watu walioshika karatasi. Wamemwachia, lakini sasa mtoto akija kukaa karibu naye, mzee anainuka. Ikram anamuuliza bibi yake amekosa nini.

Nilimwambia Hashim kwamba mtafiti wa kweli huwarudia aliowahoji, akawasomea alichoelewa. Akanijibu bila haya, "Najua ulikuwa utani, Munira. Lakini ripoti isiyo na kisa hakuna anayeisoma."

Mama, hili niliogopa kukwambia: uchumba nimeuvunja. Pete Shangazi Faudhia aliipeleka kwao Ijumaa. Sasa Hashim ananipigia kila siku, eti nimsikilize. Ni yeye aliyenifundisha kwamba majibu yakianza kujirudia, mahojiano hufungwa.

Nisalimie baba na majirani wote, hata wale walioshona sare. Waambie nguo ni nguo, watazivaa Idi.

Mwanao akupendaye,
Munira