Papa Baharanyi na Tembre Zake za Mwezini

Mwaka mmoja umetimia sasa, Papa, baba yetu, tangu tulipokusindikiza makaburini chini ya ile mvua iliyoharibu viatu vya watu wote. Ungetucheka sana.

Ulikuwa mtu wa gishe, lile dirisha la kuhudumia wateja posta, na hata barua zilipokoma kuja uliendelea kuvaa koti na tai. Wamama wauza makala, makaa ya kupikia, wa mtaa wa Mapendo walikuletea karatasi za shule za watoto wao uwasomee, nawe hukumfukuza hata mmoja.

Jumapili, baada ya misa, ulinawa mikono ukatoa albamu ya tembre zako, zile stempu za kusherehekea safari za angani: roketi, mwezi, mtu mwenye kofia ya kioo. Watoto wa jirani walijaa sebuleni hapa mtaani Murara. “Munaona? Kule juu hakuna bariyeri ya askari,” uliwaambia, ukaanza kucheka kabla yao. Zile sita za mwezini ulizipenda kupita zote. Ulisema hazitenganishwi kamwe, na aliyezigusa bila ruhusa alikiona cha moto.

Tusikufiche, Papa: tulizitenganisha. Siku ya kuondoa matanga, Akonkwa alisema albamu ni ya mtoto wa kwanza. Dorine akasema ni yake aliyekuuguza. Wakatukanana mbele ya wageni, aibu tupu! Ndipo Mama Nshobole, mjane wako, akazichomoa zile sita, akampa kila mtoto moja.

“Hapana mutu atauza,” alisema. “Mwaka ukiisha, kila mutu airudishe hapa yeye mwenyewe.”

Dorine alipanda boti ya Bukavu bila kuaga. Mwaka mzima yeye na kaka yake hawakupigiana simu, na Mama aliogopa kwamba nyumba yake imekwisha kuvunjika.

Jumamosi iliyopita tano zilikuwa mezani na fufu imeanza kupoa, Dorine alipoingia. Hakusalimia. Aliiweka yake, ya mwezi, mbele ya ile ya roketi ya Akonkwa.

“Ee! Roketi ndiyo inatangulia,” Akonkwa akasema.

“Nani alikuambia? Papa alianzaga na mwezi!”

Wakabishana wee, kisha wote wawili wakageukia kiti chako ili uamue. Hapo ndipo walipokumbuka. Wakashikana, wakalia pamoja.

Mama amezigawa tena kwa mwaka mwingine. Utusamehe.

Wanaokukumbuka: bibi yako Nshobole, watoto wako Akonkwa, Dorine, Christa, Zihindula, Honoré na Valérie, pamoja na wajukuu.

Hatutakusahau, Papa, siku zote za maisha yetu.