Maziwa Tuliyoyamwaga Mlimani

Papa, baba yangu,

Tangu Jumamosi kila nikijitazama kwenye kioo najionea kinyaa, na sina wa kumwambia ila wewe, ambaye huwezi tena kunijibu.

Nilikwenda Masisi na wenzangu watatu wa kwaya, kutembea juu ya mgongo wa mlima kutwa nzima. Ndiyo, ule mgongo wetu. Wewe uliupita na ng'ombe kabla jua halijapanda, mimi nikiwa nyuma nalia kwamba miguu inauma, nawe ukiniambia, "Mulima haina haraka, mutoto. Kanyaga tu." Sisi tuliupanda na viatu vya bei, simu mkononi, tukipiga picha kila kona. Fiston, anayetuongoza kuimba, alikuwa anatupa chupa zake za plastiki malishoni. Ng'ombe akimeza plastiki anakufa, ulinifundisha wewe mwenyewe. Lakini nilinyamaza, kwa sababu hapa Goma hakuna anayejua kwamba mimi ni mtoto wa mchunga ng'ombe. Wakiwacheka watu wanaonuka samadi, nami hucheka.

Saa nane mchana maji yalikuwa yametuishia. Mama mmoja mzee akatuita kwake, akatuketisha kivulini, akaleta maziwa katika kibuyu.

Papa, nilikitambua kile kibuyu kabla hajakiweka chini. Unakumbuka nilipokiangusha nikiwa na miaka saba, kikapasuka mdomoni? Nilijificha zizini nikingoja fimbo. Wewe ulichukua sindano na uzi wa katani, ukakishona polepole mbele yangu. "Kibuyu tunaweza kushona," ulisema. "Maziwa yenye imemwangika, hiyo haishonwe." Tulipohamia mjini ulimwachia jirani yetu, kumbe ndiye huyu mama. Mshono wako bado upo, umekwenda upande pale ulipoukosea.

Mama alinitazama. "Hii sura ni kama naijua. Uko mutoto wa nani?"

"Niko mutu wa Goma tu, mama."

Akatumiminia kila mtu kikombe. Fiston alionja, akakunja uso, akatema. "Hii maziwa inanuka moshi," akasema, halafu akamwaga kikombe chote kwenye majani, mwenye kumpa akiona. Wale wengine wakacheka. Kwetu hata aliyeshiba hupokea kwa mikono miwili na kuonja. Kuyamwaga ni kumtukana mwenye nyumba na ng'ombe wake. Fiston hakujua. Mimi nilijua, na nikamwaga yangu.

Mama aliinama, akayafunika maziwa kwa udongo, kwa kiganja chake, kwanza ya Fiston, kisha yangu. Sisi tukaaga na kuendelea na safari, tukishindana nani amechoka zaidi.

Kesho yake Fiston alisimama kanisani akaimba juu ya mchungaji mwema, macho ameyafumba. Sauti yake inanikera, hata kule kukohoa kwake kabla hajaanza. Lakini yeye alimwaga maziwa ya mtu asiyemjua. Mimi nilimwaga yaliyotoka kwenye kibuyu ulichonishonea, na kabla ya hapo nilikuwa nimekwisha kukumwaga wewe. Wanasema mwacha asili ni mtumwa. Basi mimi ni mtumwa wa nani, Papa, wa Fiston? Hilo ndilo linalonitia kinyaa kuliko yote.

Jumamosi hii napanda tena, peke yangu, na gunia la kuokotea zile chupa. Nikifika kwa yule mama nitataja jina lako kabla sijaketi. Akinipa maziwa, nitayanywa mpaka tone la mwisho. Asiponipa, nitajua amenitambua kuwa mimi ndiye niliyeyamwaga.

Lala salama, Papa.

Ni mimi, mwanao uliyemshonea kibuyu badala ya kumchapa.