Kidude Kisicho na Skrubu

4 Februari

Kwa Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na mgongo umepunguza visa. Mimi sijambo. Nasimama kutwa nzima nyuma ya kaunta na miguu yangu inalalamika kuliko mimi mwenyewe.

Ndani ya kifurushi kuna kidude. Usikitupe. Ndiyo mashine mpya ya muziki iliyoingia dukani kwetu wiki iliyopita, na watu wanaipangia foleni utadhani inagawiwa bure. Inabeba nyimbo elfu moja na ni ndogo kuliko kiganja chako. Bosi ametupa kazi: kila mfanyakazi aandike mambo matatu ambayo kidude hiki kinaweza kufanya mbali na kupiga muziki, ili tuwaambie wateja. Dada wa kaunta ya simu anasema mwanafunzi atarekodi somo kisha asinzie darasani kwa amani. Mlinzi anasema mwanga wa kioo chake unatosha kutafutia tundu la kufuli. Msafishaji anasema ukivaa zile spika za masikioni, hata bila kuwasha, hakuna mtu atakayekusemesha. Nadhani yeye ndiye atakayeshinda.

Mimi sijaandika kitu bado, ila nimelitumia hilo la kurekodi. Kabla ya nyimbo zote kuna sauti yangu, dakika moja tu. Isikilize hiyo kwanza, kisha unijibu ndiyo au hapana. Na wewe ukitaka kurekodi, bonyeza kitufe chekundu. Ukikibonyeza tena kwa nguvu utasikia mlio, ujue imezima.

Nasubiri jibu.

Binti yako


21 Februari

Binti yangu,

Marahaba. Mgongo uko palepale nilipouacha, yaani nyuma yangu. Hayo mengine ni salama. Wewe kula vizuri, na ukikosa wateja kaa chini, hata kama bosi ananuna.

Kidude nimekipata. Nimekigeuza mbele, nyuma, ubavuni. Hakina skrubu! Hata moja! Miaka thelathini na tano nimekaa kwenye meza hii na sijawahi kuwasha kitu kabla sijakifungua nikaona tumbo lake, na wewe uliyekulia chini ya meza hiyo hiyo unajua. Aliyekitengeneza hiki alikaa kitako akafikiria namna ya kunifungia mlango mimi. Kikifa, kinatupwa. Mnawauzia watu kitu ambacho fundi hawezi kukigusa, halafu mnawapanga foleni! Huoni aibu? Mimi nilikufundisha kushika bisibisi kabla hujajua kusoma.

Mwambie bosi wako matumizi yangu matatu. Kwanza, mgongo wake unang'aa, nimeutumia kunyolea ndevu. Pili, feni ikiwaka kinazuia karatasi za wateja zisipeperuke. Tatu, ubavu wake ni mwembamba, nimefungulia kopo la rangi. Basi.

Kazi ipo, ila wateja wa siku hizi wamekuwa wasumbufu. Mtu namtengenezea redio vizuri kabisa, kesho yake anairudisha na kuibamiza mezani. Sijui wamelogwa.

Baba yako


6 Machi

Kwa Baba,

Shikamoo. Mimi mzima. Natumaini nawe u mzima, maana barua yako ilikuwa na nguvu za kutosha.

Nimeisoma mara tatu nikitafuta jibu langu. Nimekuta ndevu, nimekuta feni, nimekuta kopo la rangi. Sauti yangu iko wapi? Nimekuomba usikilize dakika moja. Dakika moja, Baba! Unamsikiliza kila mpita njia mwenye redio mbovu, ila mimi nikisema unakumbuka kwamba una ndevu.

Hii si mara ya kwanza, na ndiyo inayoniuma. Siku ile, miaka mitatu iliyopita, nilisimama mlangoni mwa karakana nikakuuliza. Ulikuwa umenipa mgongo, unachomea waya. Nikauliza tena, kwa sauti ya juu, mpaka mshona viatu wa chumba cha pili akachungulia. Hukugeuka. Uliunyoosha mkono nyuma, ukasema, "Nipe ile plaizi." Nikakupa. Siku hiyo nilijua thamani yangu kwako ni ya mtu wa kupokeza plaizi, ndiyo maana nikafunga mizigo.

Swali lenyewe siandiki. Nimelisema mara tatu kwa mdomo wangu, mbili mlangoni na moja ndani ya kidude. Kama hulitaki, sema hulitaki. Usinyamaze tu.

Binti yako


2 Aprili

Binti yangu,

Marahaba. Nimechelewa kwa sababu ya hasira. Kila nikishika kalamu naiweka chini.

Hukuniuliza kitu. Nasema tena, hukuniuliza kitu! Mimi nilikuwa na kazi yangu, wewe ukanipa plaizi, na Jumatatu nikaamka nikakuta kitanda kimetandikwa na begi halipo. Miaka mitatu nimejiuliza nilikukosea nini. Nimewajibu watu wote wa mtaa, "Amekwenda kutafuta maisha," huku mwenyewe sijui umekwenda kutafuta nini. Leo unaniambia uliuliza! Unanitungia hadithi ili niwe mbaya mimi.

Na hiki kidude acha kunisumbua nacho. Nimekifikiria kwa haki, kama fundi. Kama kinaweza kubeba nyimbo elfu, basi kingebeba michoro yangu yote ya redio iliyo ukutani inayoliwa na mende, na hilo lingekuwa jambo la maana. Kingeweza kubeba orodha ya namba za transista. Kingeweza kuwa saa ya kuamshia watu wazembe. Lakini wao wamefunga kila mahali. Hata spika hakina ya kuwekea punje ya mchele! Mimi redio nikimaliza kuitengeneza naweka punje tatu juu ya karatasi ya spika, zikirukaruka namwita mwenyewe aje achukue. Hiki nitakipimaje?

Wiki hii redio tatu zimerudishwa. Ya mwalimu, ya kinyozi, na ya mama muuza mkaa, ambaye ameniambia maneno mbele za watu. Midomo yake ilifunguka mpaka nikahesabu meno.

Baba yako


9 Aprili

Baba,

Shikamoo. Leo usiniulize hali.

Tangu lini unatumia mchele?

Mimi nimekaa chini ya meza yako miaka kumi na minane. Ulikuwa ukimaliza redio unaiwasha, unafumba macho, unainamisha kichwa, kisha unaimba pamoja nayo vibaya mno mpaka wateja wanacheka. Hapakuwa na mchele. Leo una mchele. Simu ya karakana uliing'oa ukasema inapigiwa na wapumbavu. Sauti yangu hujaisikiliza. Swali hukuulizwa. Muuza mkaa anakutukana na wewe unahesabu meno.

Husikii. Husikii, Baba, na hukuniambia!

Nimelia stoo nyuma ya maboksi, na sikulia kwa huruma, nililia kwa hasira. Miaka mitatu nimekuchukia kwa sababu ya mgongo wako. Nimekula peke yangu, nimeugua peke yangu, nikisema afadhali hivi kuliko baba asiyenitaka. Na dawa ya yote ilikuwa sentensi moja! Ungesema tu, "Mwanangu, masikio yamekufa." Uliona ni afadhali nipotee kuliko nijue?

Na nikwambie kama fundi, maana ulinifundisha mwenyewe: punje ya mchele inarukaruka kwa mvumo kama inavyorukaruka kwa wimbo. Redio ikilia kama nyuki ndani ya debe, mchele wako unacheza vilevile. Ndiyo maana zinarudi. Hawakulogwa.

Haya, swali nakuandikia, kwa kuwa sina njia nyingine. Nililosema mlangoni ndilo lililomo kwenye kidude: Baba, nataka jina langu liandikwe pamoja na lako kwenye kibao cha mlangoni, tuwe mafundi wawili. Utaniandika, au unaniona mtoto wa kupokeza vifaa tu? Ndiyo au hapana.

Binti yako


15 Juni

Binti yangu,

Marahaba. Najua ni miezi miwili. Najua umekwenda posta mara nyingi ukarudi mikono mitupu. Mimi pia nilikaa mikono mitupu, kwa namna yangu.

Ndiyo. Sisikii. Umefurahi? La kushoto lilikufa ulipokuwa bado upo, la kulia likaanza kuziba mwaka huo huo, na mwaka jana likafa kabisa. Daktari ameandika kwenye karatasi kwamba halirudi. Ulitaka niseme nini? Fundi redio asiyesikia! Mtaa mzima ungecheka mpaka ukae chini. Nilikasirika na masikio yangu, nikakosa pa kuyapiga, nikawa nakasirikia wateja, nikakasirikia na wewe. Wewe nawe ulikosea. Mtu akikupa mgongo unamgusa bega. Mkono unao. Ulichukua begi badala ya kunigusa bega, na hilo sijalisamehe bado, usidhani.

Usinionee huruma. Nikikuta neno "pole" kwenye barua yako nitaichana.

Habari ya mchele ni kweli. Nilijiona mjinga siku tatu nzima, nikamwaga wote.

Sasa sikiliza. Nimekipatia kidude matumizi ya nne, na bosi wako hata akikaa kikao mwaka mzima hatayafikia. Nimekiweka mbele ya redio moja moja nikabonyeza kile kitufe chekundu. Ya kwanza ni ya mwalimu, ya pili ya kinyozi, ya tatu ya muuza mkaa. Nakurudishia kidude kwa posta. Wewe una masikio, mimi nina mikono. Niambie zinalia nini, nami nitazifungua. Kila moja nimeipa dakika moja, kisha nikabonyeza kuzima. Ule mlio wako sijui kama ulilia, mimi nilihesabu tu.

Kuhusu swali lako, nimelisoma. Mambo ya namna ile mimi sijui kuyaandika. Tutaongea siku nyingine.

Baba yako


24 Juni

Kwa Baba,

Shikamoo. Mimi mzima. Neno ulilokataza sijaliandika, angalia mwenyewe.

Nimesikiliza stoo, mlango nimeufunga. Redio ya mwalimu ina mvumo mzito chini ya sauti: kapasita kubwa za upande wa umeme zimechoka, badilisha zote mbili. Ya kinyozi inakwaruza kila unapozungusha kitufe cha sauti. Ni vumbi na nywele, safisha, mwambie aache kunyolea watu juu yake. Ya muuza mkaa ni nzima kabisa. Hukuiweka kwenye stesheni. Umemrekodia upepo tupu, na kama uliirudisha kwake hivyo, basi yale matusi ulistahili.

Tuje kwenye ya nne.

Hujui kwamba kuna ya nne. Ulipomaliza ya muuza mkaa mlio haukulia, Baba. Ulibonyeza kidogo tu, na kidude kiliendelea kurekodi mpaka betri ikaisha. Nimekusikia karakana nzima, asubuhi yote. Nimekusikia ukiitukana skrubu iliyodondoka. Nimekusikia ukiimba, na bado unaimba vibaya. Kisha anaingia mshona viatu. Anakwambia chumba hiki anakitaka, aunganishe na chake, maana wewe umeshachoka na redio hazitengenezeki. Anasema mara tatu, anapiga kelele, mwishowe nasikia anaandika kwenye karatasi. Halafu unapaza sauti kwa ukali mpaka nikavua spika za masikioni.

Umesema hivi, nimerudia mara tano nisikosee neno: "Chumba hakiuzwi! Kina fundi wake. Mimi nilimfukuza kwa ujinga wangu, sasa namshikia nafasi. Akirudi kibao kitaandikwa upya, na jina lake litakuwa juu ya langu, maana yeye anasikia. Toka!"

Mshona viatu umemwambia. Muuza mkaa, bila shaka, anajua. Mtaa mzima unajua ila mimi, ambaye nilikuwa nimeuliza! Hasira zangu hazijaisha, naomba ulielewe hilo. Nitakuja kuzimalizia hapo mezani, tukitazamana, nawe utasoma midomo yangu neno kwa neno, na usithubutu kugeuka.

Kazi nimeacha jana. Bosi aliniuliza matumizi yangu matatu nikamwambia moja linanitosha.

Nafika Jumamosi. Kiti changu kifute vumbi. Redio ya kinyozi usiiguse, hiyo ni yangu. Plaizi iweke upande wako, ujichukulie mwenyewe.

Fundi mwenzako,
binti yako