Debe Nililolivuta Nyuma

Jumatatu, 3 Novemba 1986

Unga umeisha. Mume wangu Gathogo amegonga chini ya pipa, akasema bila hasira kwamba watoto wamechoka na mkate wa dukani. Nikamwambia kesho. Kesho yangu hiyo sasa ina wiki sita, tangu jirani yangu Priscah afie kwa Kituyi mwenye mashine ya kusaga unga, mbele ya macho yangu.

Mchana Kituyi akawasha posho mill yake huko chini. Papo hapo nilimmwagia mteja wa duka letu mafuta ya taa viatuni. Nikajifungia stoo mpaka mashine iliponyamaza.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimekwenda kliniki. Daktari kijana, mpole. Amesema ni nerves, yaani wasiwasi tu, akanipa vidonge vya usingizi. Usingizi ninao! Shida ni kwamba nikilala naona mkanda wa mashine ukiivuta leso yake, ile ya maua ya manjano, na yeye pamoja nayo.

Kuna kitu sikumwambia daktari. Hata Gathogo hajui. Pale kwa Kituyi madebe ndiyo hupanga laini, wenyewe tukakae kando tupige stori. Siku ile debe langu lilikuwa mbele. Priscah akasema, "Wahu, nipishe leo, ng'ombe wananingoja." Nikalivuta langu nyuma kwa mguu. Yeye akaingia, akainama kukinga unga.

Jumapili, 9 Novemba

Kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa nikizikumbuka Jumamosi zetu. Tulikuwa tukitoka kwa Kituyi weupe kwa unga mpaka kope, tukiitana nyanya kama vikongwe. Halafu kwangu — chai yangu, aliyosema ni maji ya kuoshea sufuria, na mursik yake, maziwa ya mgando ya kwao, kutoka kwenye kibuyu. Mara ya kwanza, mimi mtu wa Nyeri, niliyameza maziwa yale nimefumba macho. Alicheka mpaka akaketi chini. Baadaye nikawa mimi ndiye ninayemaliza.

Kibuyu chake kingali kwangu. Nikikifungua, harufu ya moshi bado imo. Nina hamu naye sana.

Jumatano, 12 Novemba

Nimefika! Niko nje ya posho mill. Debe langu ni la kwanza. Mashine imezimwa, Kituyi anabadilisha mkanda. Naandika ili mikono ipate kazi.

Mama yake Priscah amekuja na debe lake. Ameketi karibu nami, anadhani naorodhesha vitu vya duka. Anasema nyumba imekuwa kimya. Siku hizi ni yeye anayekamua, na ng'ombe hawajamzoea.

Sasa amesimama, ameniomba nimpishe. Ng'ombe wanamngoja, anasema.

Sijavuta debe. Mkono mmoja umeshika ncha ya leso ya mama huyu, mwingine unaandika. Ananitazama. Nimemwambia, "Mama, keti kwanza, kuna jambo juu ya siku ile ya Priscah."

Kituyi amewasha. Mama anasema hanisikii, ameleta sikio karibu, anataka niseme tena kwa sauti —