Tochi Nimeondoka Nayo

Baba watoto,

Chai iko kwenye chupa. Yule dada fundi akirudi kumalizia kutengeneza jenereta, mkumbushe oili kabla ya kuwasha.

Miaka yote mimi ndiye ninayekushikia tochi ukitengeneza vitu, na mkono ukitikisika kidogo unanifokea. Leo asubuhi umemshikia yeye, umepiga magoti, mkono umetulia tuli. Tena mnacheka kwa lugha ya hapa ugenini, niliyoisomea mimi shule ya jioni huku wewe ukisinzia.

Nimekwenda kusali, Mungu anipunguzie wivu. ~~Nitarudi mchana.~~ Nitarudi nikisikia jenereta inanguruma na pikipiki yake imeondoka.

Usiitafute tochi. Ninayo mkobani, na Mungu ameniona nikiichukua.

Mama watoto